Tangazo la Safu Liseme Kweli: Maoni kuhusu Ufundishaji wa Lugha ya C Vyuoni

Katika kazi ya kuwaandaa walimu wa somo la kompyuta, ipo mada ambayo wakufunzi wengi huipitia kwa vipindi viwili tu na kuiacha. Mada hiyo ni safu, yaani mfululizo wa nafasi za kumbukumbu zilizopangwa bega kwa bega, zote za aina moja, zikiitwa kwa jina moja na kutofautishwa kwa nambari. Mwanachuo huelezwa namna ya kuitangaza safu, hupewa zoezi la kujumlisha alama za wanafunzi, na majibu yakitoka sahihi huwekewa vema. Darasa huendelea mbele.

Shabaha ya makala haya ni kueleza kwa nini njia hiyo haitoshi, na kupendekeza kwamba namna ya kutangaza safu katika lugha ya C ifundishwe upya. Yafaa tufuate desturi inayofuatwa sasa na watunzaji wa programu kubwa za mifumo, wala si ile tuliyoirithi katika vitabu na madaftari ya zamani. Sisemi haya kwa kuwanyoshea wenzangu kidole. Kosa nitakaloanza nalo ni langu mwenyewe.

KOSA LENYEWE

Miaka michache iliyopita niliandika programu fupi ya lugha ya C ya kunisaidia kukusanya alama za darasa langu. Darasa lilikuwa na wanachuo 40. Basi, ndani ya muundo mmoja nilitangaza safu mbili, moja ikifuata nyingine:

int nadharia[40];
int vitendo[40];

Mwaka uliofuata darasa likawa na wanachuo 43. Niliifungua programu, nikaiongeza safu ya vitendo iwe na nafasi 50, nikabadili idadi ya wanachuo iwe 43, na kwa haraka za mwisho wa muhula nikaisahau safu ya nadharia. Kompaila, yaani programu inayofasiri maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, iliikubali kazi yangu bila neno. Programu iliendeshwa bila kukwama. Ilitoa orodha safi ya majina 43, kila jina na alama zake.

Siku ya pili mwanachuo wa 42 katika orodha alibisha hodi ofisini, karatasi yake ya mtihani mkononi. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," akaiweka karatasi juu ya meza, kisha akasema kwa upole, "Naona kompyuta haikunisoma vizuri." Karatasi ilionyesha 71 za nadharia, na mwandiko wa kusahihisha ulikuwa wangu. Orodha yangu ilionyesha 38.

Nilidhani nimekosea kuandika. Niliingiza upya alama zote, na jibu likawa lile lile. Ilinichukua jioni nzima kutambua kwamba zile 38 zilikuwa alama za vitendo za mwanachuo wa pili. Programu ilisoma kwanza alama za nadharia. Alama za wanachuo watatu wa mwisho, kwa kukosa nafasi zao, ziliandikwa katika nafasi tatu za kwanza za safu jirani. Kisha zikaja alama za vitendo na kuzifuta. Kwa hiyo mwanachuo wa 41 alipewa alama za vitendo za wa kwanza, wa 42 akapewa za wa pili, na wa 43 za wa tatu. Wawili kati yao walikuwa wameongezewa, na hao hawakuja kuuliza. Kama yule wa 42 naye angaliongezewa, kosa lingalibaki katika kumbukumbu za chuo.

Orodha niliisahihisha siku ile ile. Lililonisumbua baadaye ni jambo jingine. Nilikuwa nimefundisha kama nilivyoandika. Nilikuwa nimewawekea vema wanachuo ambao programu zao zilitoa majibu sahihi, bila kuwauliza hata mara moja kama safu zao zinatosha, wala kitatokea nini zisipotosha. Na wanachuo hao sasa ni walimu.

ASILI YA TATIZO

Lugha ya C ilibuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa ajili ya kuandikia mfumo wa Unix. Kompyuta za wakati huo zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kila tendo la ziada lilikuwa na gharama. Kwa hiyo lugha ilipewa tabia ya kumwamini mwandishi. Ukitangaza safu ya nafasi 40, kompaila huijua idadi hiyo wakati wa kufasiri, lakini idadi haihifadhiwi pamoja na data. Ukiandika katika nafasi ya 41, lugha haikukatazi. Ukiipeleka safu kwenye kitendakazi kingine, kinachopelekwa ni anwani ya mwanzo wake tu. Hata ukiandika int alama[40] katika orodha ya vipokezi vya kitendakazi, ile 40 haina nguvu yoyote: kompaila huichukua kuwa kielekezi kitupu. Hapo tangazo limesema jambo ambalo lugha hailitambui, na mwanachuo anayelisoma hudhani amelindwa.

Sisi tulio hapa Ng'ambo, Tabora, twaweza kulifafanua jambo hili kwa historia ya mji wetu. Katika karne ya 19 misafara ya kati ya Bagamoyo na Ujiji ilipita hapa Unyanyembe, na mizigo ya wapagazi ilipimwa kwa frasila. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa aghalabu kama frasila mbili. Mkuu wa msafara aliyewakabidhi watu mizigo bila kuihesabu asingeweza kujua, afikapo mwisho wa safari, kama kuna uliopotea. Lugha ya C humkabidhi mpokeaji mzigo na kumwonyesha ulipoanzia, bila kumwambia unaishia wapi. Hesabu lazima aje nayo mtu mwenyewe.

Matokeo ya kuisahau hesabu hiyo hayakuishia kwenye orodha za alama. Tarehe 2 Novemba 1988 programu iliyoandikwa na Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ilienea katika maelfu ya kompyuta zilizounganishwa. Mojawapo ya njia zake ilikuwa kupeleka maneno marefu kwa programu ya huduma iliyoyapokea katika safu ya baiti 512, kwa kutumia kitendakazi kiitwacho gets. Kitendakazi hicho husoma maneno yote kinayopewa bila kuuliza ukubwa wa safu inayoyapokea. Maneno yalipozidi nafasi yaliandikwa juu ya kumbukumbu za jirani, na humo yakageuza mwenendo wa programu yenyewe.

Kitendakazi hicho kiliondolewa katika kanuni rasmi za C mwaka 2011, yaani miaka 23 baadaye. Naamini nikiwaomba wakufunzi wenzangu wafungue madaftari yao ya somo hili, wengi tutakikuta bado kimo.

Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro katika OpenSSL, programu inayotumiwa na tovuti nyingi kulinda mawasiliano. Kasoro hiyo ilipewa jina la Heartbleed. Mtu alipeleka ujumbe mfupi huku akidai kwamba ni mrefu, na programu ikamwamini. Ilimrudishia idadi ile aliyoidai, hata kilobaiti 64 kwa mara moja, pamoja na siri zilizokuwa jirani katika kumbukumbu. Mwaka 2019 wahandisi wa Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya kasoro za usalama walizokuwa wakizirekebisha kila mwaka zilitokana na makosa ya kumbukumbu. Safu iliyopitwa mpaka wake ni moja ya makosa hayo.

TANGAZO LISILOSEMA KWELI

Sasa tuje kwenye kiini cha hoja yangu. Kusahau kuongeza safu, kama nilivyofanya mimi, ni kosa la bahati mbaya. Lipo kosa jingine ambalo lilifanywa kwa makusudi, likafundishwa, likawa desturi. Hilo ni kutangaza safu kwa idadi ambayo mwandishi mwenyewe anajua kwamba si ya kweli.

Chukua mfano wa programu inayotakiwa kuhifadhi alama za darasa ambalo idadi ya wanafunzi wake haijulikani hadi programu iendeshwe. Waandishi wa zamani waliandika hivi:

struct darasa {
    int idadi;
    int alama[1];
};

Kisha wakaomba kumbukumbu kubwa kuliko muundo huo na kuandika alama 40, au 100, mahali palipotangazwa kuwa pa alama moja. Wengine waliandika [0], jambo ambalo baadhi ya kompaila ziliruhusu ingawa halikuwa katika kanuni rasmi. Kila mjuzi wa kazi alielewa kwamba ile [1] maana yake ni "hapa patakuwa na nyingi". Lakini mgeni hakuelewa, na kompaila nayo haikuelewa.

Anayetembelea vibanda vya asali hapa Tabora ameona asali ikiuzwa katika chupa zilizokwisha kutumika, nyingine zikiwa bado na karatasi ya mafuta ya kupikia. Muuzaji anajua kilichomo na mnunuzi wa hapa anajua. Mgeni akisoma karatasi atapotoshwa. Tena, sokoni ambamo chupa nyingi zina karatasi zisizo zao, hata chupa yenye karatasi ya kweli haiaminiki.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika lugha ya C. Kwa kuwa waandishi waliizoea [1] ya uongo, kompaila zililazimika kuchukulia kwamba safu yoyote iliyo mwisho wa muundo huenda ni ndefu kuliko inavyotangazwa, hata iliyoandikwa [16] na mtu aliyekusudia 16 kwelikweli. Kwa sababu hiyo zilijizuia kuikagua. Waliosema kweli wakakosa ulinzi kwa ajili ya wasiosema kweli. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo kubwa ambalo mwanachuo apaswa kulielewa katika mada hii.

Dawa ilikwisha kuwekwa katika kanuni za mwaka 1999. Kanuni hizo zinaruhusu safu ya mwisho katika muundo iandikwe bila idadi:

struct darasa {
    int idadi;
    int alama[];
};

Mabano matupu yanakiri waziwazi kwamba idadi haijulikani hapa. Kukiri hivyo ni bora kuliko kutaja moja ambayo si moja. Kompaila ikiona mabano matupu inajua kwamba hii ndiyo safu inayonyumbuka, na kwamba nyingine zote zilizotajiwa idadi zimemaanisha idadi hiyo.

Hapana budi kuonya kwamba mabadiliko haya hayafanywi kwa kubadili herufi moja na kuondoka. Tuchukue kompyuta ambayo namba kamili moja hukaa katika baiti 4, kama zilivyo nyingi za siku hizi. Muundo wa zamani wenye [1] una baiti 8. Kwa wanafunzi 40 mwandishi huomba baiti 8 na kuongeza nafasi 39 zilizobaki, yaani baiti 156. Jumla ni 164. Muundo mpya wenye mabano matupu una baiti 4 tu, na kwa wanafunzi 40 huongezwa nafasi 40, yaani baiti 160. Jumla ni 164 vilevile. Lakini mtu akibadili tangazo na kusahau kuondoa ile "toa moja" ya hesabu ya zamani, ataomba 4 na 156, yaani 160. Mwanafunzi wa 40 hana mahali.

Tena ubaya ni kwamba programu yake huenda ikatoa majibu sahihi, kwa sababu mara nyingi mfumo hutoa kumbukumbu iliyozidi kidogo ile iliyoombwa. Mkufunzi anayesahihisha kwa kuangalia majibu peke yake ataweka vema.

YALIYOFANYWA KATIKA LINUX

Huenda msomaji akauliza kama mambo haya yana uzito nje ya darasa. Simu ya Android anayoitumia mkulima wa tumbaku wa Urambo kupokea fedha zake ina ndani yake kiini cha Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambao sehemu yake kubwa imeandikwa kwa lugha ya C. Katika kiini hicho safu za [1] na [0] zilikuwa zimeenea. Kuanzia mwaka 2020 hivi, kazi ya kuzibadili kuwa mabano matupu iliendeshwa kwa bidii, na miongoni mwa walioiongoza ni Gustavo A. R. Silva na Kees Cook. Walikwenda moja baada ya moja, maana kila tangazo lilikuwa na hesabu zake za kusahihisha.

Mwaka 2023 kompaila za GCC na Clang zilipata amri mpya ya kuzielekeza zihesabu kuwa safu inayonyumbuka ile tu yenye mabano matupu. Mwaka huo huo, katika toleo la 6.5, kiini cha Linux kilianza kufasiriwa kwa amri hiyo. Tangu hapo safu ya mwisho iliyoandikwa [16] yaweza kukaguliwa kuwa ni 16.

Hatua iliyofuata ni kuifunga safu na kihesabio chake. Sasa mwandishi aweza kuweka kando ya alama[] maelezo yaitwayo counted_by, akitaja kwamba urefu wa safu hii umo katika idadi. Clang ilianza kuyapokea maelezo hayo mwaka 2024 katika toleo la 18, na GCC mwaka 2025 katika toleo la 15. Sharti lake ni moja: idadi iwekwe kwanza, ndipo safu iguswe.

Wala si kila kilicholetwa na kanuni za 1999 kilipokewa. Kanuni hizo ziliruhusu pia safu za ndani ya kitendakazi ambazo ukubwa wake huamuliwa programu ikiwa inaendeshwa. Linux ilimaliza kuziondoa mwaka 2018, kwa sababu idadi kubwa isiyotazamiwa huweza kujaza kumbukumbu finyu iliyotengewa kazi hiyo. Kwa hiyo kufundisha desturi ya sasa hakuna maana ya kupokea kila kipya. Kipimo ni kimoja: je, tangazo hili linaeleza ukweli ambao mashine yaweza kuukagua?

NAMNA YA KUFUNDISHA

Napendekeza hatua zifuatazo, ambazo nimezijaribu kwa madarasa mawili. Hatua tatu za mwanzo hazihitaji kompyuta wala umeme, nazo zatumia zana zinazopatikana katika mazingira yetu.

Kwanza, mkufunzi alete trei mbili za mayai, zile za karatasi zenye nafasi 30. Nafasi za kila trei ziandikwe nambari 0 hadi 29, na trei zishonwe pamoja ubavu kwa ubavu, moja ikiitwa nadharia na nyingine vitendo. Wanachuo waweke vijikaratasi vya alama kwa kufuata nambari. Darasa liambiwe kuna mwanafunzi wa 31, lisiambiwe la kufanya. Wataona wenyewe kwamba kijikaratasi chake kinaangukia nafasi ya 0 ya trei jirani. Kisha zijazwe alama za vitendo, na waulizwe ya mwanafunzi wa 31 iko wapi.

Pili, trei ifunikwe kwa kitambaa, ibaki wazi nafasi ya kwanza tu. Mwanachuo mmoja aliyekuwa nje aitwe ndani na aambiwe: "Jaza." Atauliza, "Hadi ngapi?" Swali hilo ndilo somo. Darasa litambue kwamba kitendakazi cha C kikipewa safu hakina mdomo wa kuuliza hivyo, na kwa hiyo ni lazima kikabidhiwe idadi pamoja nayo. Hapa wanachuo wazoee kuandika idadi kwanza na safu baadaye katika kila kitendakazi chao.

Tatu, trei ibandikwe karatasi yenye namba 1 huku ina vijikaratasi 30. Mwanachuo mwingine apewe kazi ya ukaguzi na aambiwe afuate kilichoandikwa tu. Atakataa vijikaratasi 29 vilivyo halali. Akiambiwa, "Puuza karatasi zote za namna hiyo," apewe trei nyingine iliyoandikwa 30 lakini yenye kijikaratasi cha 31 ukingoni. Ataipitisha. Hapo wataelewa, bila hotuba ndefu, kwa nini tangazo la uongo huharibu na la kweli.

Nne, ndipo waende kwenye kompyuta. Waandike programu yenye kosa lile lililonipata mimi na kuiendesha kwa njia ya kawaida, waone inavyonyamaza. Kisha waifasiri kwa GCC, ambayo hupatikana bila malipo, wakiongeza -Wall, -Wextra na -fsanitize=bounds. Safari hii programu ikifika nafasi isiyokuwapo itataja mstari na nambari ya nafasi. Nimewaona wanachuo wakishangilia ujumbe wa kosa, jambo ambalo si la kawaida katika maabara yetu.

Tano, usahihishaji ubadilike. Katika zoezi la alama 10, mimi sasa natoa 4 kwa majibu sahihi, 3 kwa matangazo yanayosema kweli, na 3 kwa kukagua idadi kabla ya kuandika. Mwanzoni wanachuo walinung'unika. Walionung'unika zaidi ni wale wenye majibu sahihi.

HOJA ZA UPANDE WA PILI

Nimesikia hoja tatu za kupinga, nazo zastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza ni kwamba wanachuo wetu ni wanaoanza, na mambo haya ni ya mabingwa. Jibu langu ni kwamba mabano matupu si magumu kuliko [1] pamoja na hesabu yake ya "toa moja". Lililo gumu ni kujifunza desturi moja leo na kuiacha miaka kumi baadaye. Anayeanza ndiye apaswaye kuanza vizuri. Samaki mkunje angali mbichi.

Hoja ya pili ni kwamba lugha ya C imepitwa na wakati, tufundishe Python au Rust. Sina ugomvi na lugha hizo. Lakini Python inayotumika zaidi imeandikwa yenyewe kwa C. Kiini cha Linux kilianza kupokea Rust mwaka 2022, na bado mamilioni ya mistari yake ni ya C. Mistari hiyo itahitaji watunzaji kwa miaka mingi, nao hutoka katika madarasa yetu. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini safu ya C haina mpaka ataelewa vizuri zaidi kwa nini lugha nyingine imemwekea.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: vitabu. Nchi yetu iliweka kompyuta ya kwanza ya Serikali katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku. Mlango ulipofunguliwa tena, tulianza na vitabu tulivyopata, na vingine bado vimo kabatini. Mkufunzi atasema kwamba hawezi kufundisha kilichomo nje ya kitabu. Lakini mabadiliko ninayoyapendekeza hayahitaji kitabu kipya. Yanahitaji mkufunzi apitie daftari lake kwa kalamu, afute gets, afute [1] isiyo moja, na aandike idadi kando ya kila safu anayoikabidhi kwa kitendakazi. Kazi hiyo ni ya siku moja.

HITIMISHO

Mwalimu mmoja wa sekondari hufundisha mamia ya wanafunzi katika maisha yake ya kazi. Desturi tunayompa hapa chuoni haikai kwake peke yake. Kama tumempa tangazo lisilosema kweli, atalinakili ubaoni, na wanafunzi watalinakili katika madaftari yao. Siku moja mmoja wao atakuwa akiandika programu ya hospitali, ya benki au ya mitihani. Siku hiyo hakuna atakayebisha hodi na karatasi mkononi kumwonyesha kosa liko wapi.

Kwa hiyo basi nawaomba wakufunzi wenzangu mambo mawili. Kabla ya muhula ujao, kila mmoja apitie matangazo ya safu katika maandalio yake na kujiuliza kama yanasema kweli. Na tunaposahihisha, tusiridhike na jibu lililo sahihi mpaka tumeuliza nafasi zilikuwa ngapi na nani alizihesabu. Mwanachuo wangu wa 42 alipata haki yake kwa kuwa alikuwa ametunza karatasi yake. Si haki kumwachia mwanafunzi kazi ya kukagua kumbukumbu ambayo ilikuwa ya mwalimu.